Disketi ya Nane

Mwezi Machi mwaka 1997, Celestina Rwehumbiza alikuwa na kazi moja tu mezani kwake: kuzifundisha kompyuta nane kuukuu jinsi ya kuchapa.

Kompyuta zenyewe zilikuwa zimeletwa mwaka uliotangulia, msaada kutoka Ulaya kwa ofisi ya afya ya misheni pale Mwanza, zigawiwe vituo vinane vya afya kandokando ya ziwa. Maboksi yalipofunguliwa zikakutwa tupu. Hazikuwa na mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiwezesha kompyuta kuamka na kujitambua. Wafadhili walidhani wenyeji wangeununua huku. Wenyeji walidhani umo ndani. Aliyebebeshwa pengo hilo ni Celestina, binti wa Kihaya kutoka Kanyigo, mwenye miaka ishirini na tisa, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam wakati watu wengi wa Mwanza hawajaiona hata moja. Alitafuta mfumo uliokuwa ukitolewa bure na wataalamu wa nje, akaupunguza hapa na pale mpaka ukaenea kwenye disketi saba, kisha akauandikia programu ya kuusimika kwa Kiswahili. Mtu aliingiza disketi ya kwanza, akawasha, na mashine ikamuuliza kwa adabu kituo chake kinaitwaje na leo ni tarehe ngapi, halafu ikamwomba disketi ya pili. Karani ambaye hajawahi kugusa kompyuta aliweza kuifuata mpaka mwisho bila kumwita mtu. Celestina aliionea fahari programu ile kuliko vyeti vyake vyote.

Mambo ya kuchapa hakuyaweka, kwa sababu hakukuwa na printa. Sasa zilikuwa zimekuja, nane, zile za pini zinazolia kama cherehani na kutapika karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Celestina akatengeneza disketi ya nane, ya printa peke yake, na katika programu ya kusimika akaongeza swali moja: *Je, kituo hiki kitatumia printa? Bonyeza N kwa ndiyo, H kwa hapana.* Anayetaka aendelee na disketi ya nane, asiyetaka aishie kwenye ya saba.

Bosi wake, Bwana Maige, alikuja kusimama nyuma ya kiti chake kuangalia.

"Hili swali la nini?"

"Ni la hiari, mzee. Mwenye kuitaka anaiweka, asiyeitaka anaiacha."

"Nani asiyeitaka printa?" Maige alicheka. Alikuwa mtu wa makaratasi. Miaka kumi na minane alifanya kazi kwenye chama cha ushirika cha pamba, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na ushirika ukapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Kwake yeye jambo lililo kwenye skrini lilikuwa bado halijatokea. "Wale makarani wa huko ukiwauliza wataogopa. Watabonyeza hapana, halafu kesho wanapiga simu kwamba printa mbovu. Nani atapanda meli kwenda Ukerewe kuwabonyezea ndiyo? Si wewe?"

Ilikuwa kweli. Celestina alikuwa amechoka kusafiri. Mwezi uliopita tu alilala siku nne njiani kwa sababu ya kitufe kimoja.

"Liondoe," alisema Maige. "Disketi zote nane ziingie mfululizo, printa ijiweke yenyewe, na kila kinachofika kichapwe. Wafadhili wanataka kuona karatasi."

Kuna majibu ya damu. Hilo lilimpitia Celestina akilini wazi kabisa. Kila Alhamisi gari la chanjo lilipeleka vituoni disketi yenye majibu ya vipimo vilivyofanyiwa hospitali kubwa mjini. Yalikaa yamefungwa ndani ya kompyuta mpaka muuguzi mwenye neno la siri ayafungue. Printa inayochapa kila kinachofika haingengoja neno la siri. Alifungua kinywa amwambie Maige, lakini Maige alikuwa ameshageuka kwenda kupokea simu. Celestina akalifuta swali, akafuta na mistari iliyolifuata, akahifadhi kazi. Haikumchukua hata dakika tano.

Kituo cha kwanza kupelekewa kilikuwa Nyabusalu, upande wa Magu, na hilo lilimfurahisha kwa sababu huko alikuwako Selina Masalu.

Selina alikuwa muuguzi mkunga, Msukuma mrefu mwenye kicheko kikubwa, na katika vituo vyote nane ndiye aliyeielewa kompyuta upesi kuliko wengine. Safari ya kwanza Celestina alilala nyumbani kwake, wakala sato wa kuchemsha na ugali wa mtama, wakaongea mpaka mama mkwe wa Selina akagonga ukuta. Tangu siku hiyo waliitana kwa majina ya mkato. Mume wa Selina, Ngosha, alikuwa akikusanya sangara visiwani kwa ajili ya kiwanda cha minofu kilichofunguliwa mjini. Alikuja nyumbani mara mbili kwa mwezi, na barafu ilipochelewa alikuja mara moja. Safari hii Selina alikuwa na mimba ya miezi minne.

Printa waliiweka chumba cha kumbukumbu, nyuma ya dirisha la mapokezi, kwa Chenge, karani wa makamo aliyepiga pasi shati lake kila siku. Disketi zikaingia moja baada ya nyingine. Ya nane ilipomaliza, printa ikatetemeka, ikachapa jina la kituo kwa herufi kubwa, na Chenge akapiga makofi.

Selina aliichana ile karatasi, akaisoma, akauliza, "Itakuwa inachapa nini?"

"Taarifa ya mwezi. Kadi za kliniki. Majibu ya maabara yakifika kutoka Mwanza."

"Yote?"

Celestina alikuwa ameinama chini ya meza akifunga waya. "Yote yatakayofika."

"Na yale mengine je? Yale ninayofungua mimi mwenyewe?"

Chini ya meza pale Celestina alikaza fundo la waya. "Hayo ukiona siku yake imefika, zima printa. Kitufe kiko ubavuni."

"Mashine yako iliyokuwa inauliza kila kitu, mpaka tarehe! Hili mbona haikuniuliza?"

"Nitalirekebisha," alisema Celestina. "Toleo lijalo."

"Haya, fundi." Selina akacheka. "Alhamisi nitakuwa naizima."

Na aliizima kweli. Alhamisi tano mfululizo Selina alifika chumba cha kumbukumbu kabla ya gari la chanjo, akabonyeza kitufe cha ubavuni, akayafungua majibu kwa neno lake la siri, akayanakili kwenye daftari lake na kwenda kumwita kila mtu faraghani, chumba cha ndani, mlango ukiwa umefungwa. Kwa kuwa njia ile ilikuwa mikononi mwake, alipoamua kupeleka damu yake mwenyewe Mwanza hakuona sababu ya kujificha nyuma ya namba. Aliandika jina lake lote. Hakuwa anaumwa. Ila mke wa mvuvi mmoja aliyefanya kazi na Ngosha alikuwa amefariki, na Selina alitaka kujua kwa ajili ya mtoto aliye tumboni.

Alhamisi ya sita dereva alikuwa na safari ya mbali zaidi, hivyo alipita Nyabusalu asubuhi badala ya mchana. Selina alikuwa wodi ya wazazi, mikono yote miwili kwenye kazi ya mama aliyekuwa anajifungua kwa shida tangu alfajiri. Chenge alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuchapa kadi za kliniki. Alipokea disketi, akaiingiza kama alivyozoea, na printa, iliyokuwa bado inawaka, ikaanza kulia.

Yalitoka majibu ya watu saba. Chenge aliyachana moja moja akaita majina dirishani, kama alivyofanya siku zote kwa majibu ya makohozi na ya choo. Juu ya kila karatasi alisoma jina, basi. Alipofika kwa Selina akatabasamu. "Kumbe na nesi wetu ana lake!" Mwanamke mmoja kwenye foleni, jirani wa mama mkwe wa Selina, akanyoosha mkono. "Lete nimpelekee, yuko wodi ya wazazi, nami naenda huko huko." Alikuwa na nia njema. Chenge akampa.

Kutoka dirishani mpaka wodi ya wazazi palikuwa na ua na benchi refu la wagonjwa. Yule mwanamke alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Ingekuwa miaka ya nyuma asingeambulia kitu, kwa kuwa majibu ya hospitali yaliandikwa Kiingereza na vifupisho. Lakini Celestina alikuwa ametafsiri kila neno la mfumo ule, kwa uangalifu, ili watu wa vituoni wasipate taabu. Karatasi ilisema: *VIRUSI VYA UKIMWI: VIMEONEKANA.* Mwanamke akasimama katikati ya ua. Akasoma tena. Akaenda benchini akamwonyesha mwenzake, kuhakikisha kwamba hajakosea kusoma, na mwenzake akamwonyesha mwingine.

Mtoto wa yule mama alizaliwa saa nne kasoro, mzima. Selina alitoka nje akiwa anajifuta mikono, amechoka na amefurahi, akakuta benchi zima limemtazama kisha likaangalia chini. Mwanamke akamletea karatasi ikiwa imekunjwa mara nne.

"Nesi, karatasi yako."

Selina aliwaangalia wale watu, akaiangalia karatasi, na inasemekana hakuifungua. Aliitia mfukoni, akarudi wodini, akamaliza kumfunga mtoto nguo.

Haya yote Celestina aliyasikia kwa Chenge mwenyewe. Alikuja Mwanza bila kuitwa, wiki mbili baadaye, akashuka stendi ya mabasi ya Buzuruga na kuuliza njia mpaka ofisini. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasimulia bila kunyanyua uso. Alisimulia jinsi habari ilivyofika kwa mama mkwe kabla ya jua kutua, na jinsi mama mkwe alivyotoa godoro la Selina na vyombo vyake nje, vikombe akivitenga kando na kuvivunja. Ngosha aliletewa salamu visiwani. Hakurudi, wala hakupima. Wagonjwa wengine wakakataa kuguswa na Selina. Mkuu wa kituo alimshauri achukue likizo, akaichukua, na hakuna aliyetegemea kwamba angerudi.

Mwisho Chenge akauliza, "Dada, nataka kujua kitu kimoja tu. Ile mashine ingeweza kuniuliza kwanza? Kabla ya kuchapa?"

Celestina angeweza kumjibu kwa maneno ya kitaalamu, na Chenge angeyaamini.

"Ingeweza," alisema.

Chenge akatikisa kichwa taratibu. "Basi ingeniuliza ningejibu hapana. Mimi si mtu mbaya."

"Najua, kaka. Si wewe."

Alipoondoka, Celestina alibaki ameshika ukingo wa meza. Kaka yake Longino alikuwa amefariki Kanyigo mwaka 1989 kwa ugonjwa huo huo, ugonjwa ambao kwao Kagera ulipoingia watu waliuita Juliana, kama yale mashati ya magendo kutoka Uganda. Nyumbani walisema ni kifua. Mama yake alishikilia kwamba ni kifua mpaka kaburini. Hata hivyo majirani walijua, na mwaka mzima hakuna aliyepokea ndizi kutoka shambani kwao. Mikungu iliivia migombani na kuangukia hapo hapo. Katika ofisi ile nzima, mtu aliyejua thamani ya kutunziwa siri alikuwa yeye. Si Maige, wala si wale wafadhili. Yeye ndiye aliyelifuta lile swali, kwa kuwa alichoka kusafiri.

Alimfuata Maige siku hiyo hiyo akamweleza kila kitu, hata lile wazo la majibu ya damu alilokuwa amelimeza siku ile. Maige alivua miwani.

"Mimi ndiye niliyekuambia uliondoe."

"Mimi ndiye niliyejua, mzee. Wewe hukujua."

Maige alitaka waandike barua kwa vituo, kuwakumbusha wazime printa. Celestina alikataa, ilikuwa mara yake ya kwanza kumkatalia. Kwa siku sita aliiandika upya disketi ya nane. Programu ya kusimika sasa ilisimama na kuuliza, na mtu asipobonyeza chochote jibu lilihesabiwa hapana. Anayejibu ndiyo aliulizwa tena, aina moja baada ya nyingine, kipi kichapwe na kipi kisichapwe. Majibu ya damu hayakuwa hata kwenye orodha. Hayo hayakuweza kuchapwa kwa njia yoyote. Kisha akafunga begi, akazunguka vituo vyote nane yeye mwenyewe, kwa meli, kwa basi, kwa baiskeli ya kukodi, akaondoa ya zamani na kuweka mpya. Katika vituo viwili aliambiwa, kwa sauti ya chini, kwamba huko pia kuna karatasi zilizowahi kusomwa na wasiohusika. Hakuuliza majina.

Celestina alimpata Selina mwezi wa Agosti. Alikuwa amepanga chumba Mkuyuni, pale pale Mwanza, nyuma ya soko, akiuza uji asubuhi kwa wapagazi. Nyumbani kwa mama yake hakutaka kwenda, kwa sababu mama alikuwa akijisifu kanisani kuhusu binti yake muuguzi. Mimba ilikuwa kubwa na mikono imekonda. Alimkaribisha Celestina kwenye kigoda, yeye akakaa kitandani.

"Nimesikia umezunguka kote," alisema. "Chenge aliniambia. Umeongeza swali."

"Nimelirudisha," alisema Celestina. "Lilikuwepo tangu mwanzo, Seli. Nililitoa."

Selina alikuwa anakunja kanga. Akaacha.

"Ulilitoa kwa nini?"

Njia nzima Celestina alikuwa ametayarisha maelezo yenye Maige ndani yake, na wafadhili, na makarani wasiojua kompyuta. "Nilikuwa nimechoka kusafiri," alisema.

"Kusafiri."

"Ndiyo."

Nje mtu alikuwa akinadi nyanya kwa sauti ya kuimba. Selina alimsikiliza mpaka alipopita.

"Ningebonyeza hapana," alisema. "Siku ile ile uliyokuja, wewe ukiwa chini ya meza, ningebonyeza hapana nikaenda kukupikia chai. Ugonjwa ningekuwa nao tu, huo haukuletwa na mashine yako. Lakini ningemwambia Ngosha mimi. Ningemkalisha chini, nimwambie kwa maneno yangu. Mama mkwe asingejua mpaka nitake mimi. Ningefanya kazi yangu mpaka nguvu ziishe." Sauti haikupanda hata kidogo. "Hayo yote yalikuwa yangu, Cele."

Celestina alilia. Selina hakumbembeleza, wala hakumfukuza.

"Sasa nenda," alisema baadaye. "Leo sina nguvu ya kukutazama. Njoo mwezi ujao."

Alikwenda mwezi uliofuata, na uliofuata huo, na kila mwezi kwa karibu miaka miwili. Alipeleka sukari na dagaa, na baada ya mtoto kuzaliwa, msichana aliyeitwa Minza, alipeleka maziwa. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa habari za redioni tu wakati huo, mambo ya nchi za watu. Waliongea juu ya bei ya mchele, juu ya meno ya Minza, juu ya wakunga wa zamani waliomcheka Selina akiwa mwanafunzi. Siku nyingine Selina alicheka kile kicheko chake, na Celestina alirudi ofisini akiwa mwepesi, mpaka alipowasha kompyuta. Habari ya printa haikutajwa tena kati yao. Celestina alingojea siku ambayo Selina angesema yamekwisha. Selina hakusema.

Alifariki katika masika ya mwaka 1999, akazikwa kwao, karibu na Bujora. Celestina alifika watu wakiwa wametoka kaburini. Chenge alikuwepo, ameketi na wanaume kwenye viti vya kukodi; waliangaliana, wakainamishiana vichwa. Uani wanawake walikuwa wakimenya viazi vitamu kwa ajili ya chakula cha waombolezaji, na mama wa Selina, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokwisha kwa kulia, alikuwa amempakata Minza aliyelala.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Alimwangalia kwa bidii, kama mtu anayetafuta sura kati ya nyingi alizoziona siku hiyo. "Wewe ulikuwa nani kwake?"

Wanawake wakaacha visu kumsikiliza.

"Tulifanya kazi pamoja, mama," alisema. "Kituoni."

"Ah. Wa kituoni." Mama akamweka Minza vizuri mapajani. "Walimpenda sana huko. Alikuwa akiniandikia hivyo."

"Ndiyo, mama."

"Kaa basi, usisimame."

Mwanamke mmoja akasogea akampa nafasi mkekani, mwingine akamkabidhi kisu. Celestina akachukua kiazi kutoka kwenye beseni, akakimenya, akachukua kingine.